Kilosa ina kipimo ambacho darubini kubwa za Ulaya haziwezi kukichukua

Usiku wa 7 Septemba 2025, kuanzia saa 2:30, mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli cha dunia, na ulikaa humo kwa dakika 82 ukiwa na rangi ya shaba. Tanzania nzima ilikuwa upande ufaao wa dunia kuliona tukio hilo tangu mwanzo wa giza hadi mwisho wake. Simu zilitolewa mifukoni, picha zikapigwa, zikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na nyingi zikaishia huko. Wapo watu kwingineko duniani, wengi wao walimu, mafundi umeme na wastaafu, ambao usiku kama huo huwapa kazi nyingine kabisa. Mwezi ukishapoteza mwanga wake, nyota hafifu zilizo karibu na ukingo wake, ambazo siku nyingine humezwa na mng'ao, huonekana zikifunikwa moja moja. Watu hao huelekeza kamera kwenye ukingo ule, wakarekodi video, wakaandika saa, dakika, sekunde na sehemu ndogo ya sekunde ambapo kila nyota imezimika. Kisha hutuma. Namba ile huingia katika kumbukumbu za kisayansi pamoja na jina la aliyeipata na mahali aliposimama. Hoja ya makala haya ni kwamba mahali aliposimama mtu ndicho kitu cha thamani katika namba ile, na kwamba wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, kwa jinsi ilivyokaa, ina mengi ya kutoa ambayo haijawahi kuombwa.

Tuanze na kinachotokea. Mwezi hausogei angani pamoja na nyota. Huzipita, ukitoka magharibi kwenda mashariki, na kwa muda wa saa moja hivi huwa umetembea upana wake wenyewe. Njiani hukutana na nyota, ukazifunika. Nyota ni kitu kikubwa mno, lakini kwa umbali ilioko haina upana wowote machoni petu, na mwezi hauna hewa ya kuufifisha mwanga polepole. Kwa hiyo nyota haipungui mwanga kama taa inayoishiwa mafuta: ipo, halafu haipo. Ni nyota chache tu zilizovimba, kama Antares iliyo kifuani mwa kundi la Nge, ambazo huchukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde kuzama, na hata kuchelewa huko kunatosha kumwambia mpimaji upana wa nyota yenyewe. Mwezi ukiwa bado haujatimia, ukingo wake unaotangulia ni ule wa giza, na hapo ndipo tukio huwa rahisi kulinasa. Vitabu vingi vilivyoandikwa kaskazini ya dunia huuchora mwezi mchanga ukiwa umesimama wima. Huku kwetu, karibu na ikweta, jioni huwa umelala kama mashua, na ukingo wa giza uko juu. Anayefuata mchoro wa kitabu cha Ulaya akiwa Kilosa atatafuta nyota upande usio wake.

Mtu atauliza: basi, nyota imezimika, na nini? Jibu liko katika historia ya kupima jambo hili dogo. Tarehe 13 Aprili 1819, mjini Vienna, Johann Tobias Bürg alikuwa akingoja Antares itokee nyuma ya mwezi. Kwanza ilitoka nukta hafifu, na sekunde chache baadaye ndipo ukaja mng'ao wa Antares yenyewe. Alikuwa ameona nyota mwenza wa Antares, ambaye kwa kawaida mwanga wa mkubwa wake humficha, ila kwa sekunde zile chache ambapo mwezi ulikuwa umemziba mkubwa na kumwacha mdogo wazi. Wengi hawakumwamini. Ilibidi zipite zaidi ya miaka ishirini na watazamaji wengine, mmoja wao akiwa India, ndipo jambo likubalike. Mwaka 1962 nchini Australia, Cyril Hazard na wenzake walitumia darubini ya redio ya Parkes kungoja mwezi ufunike chanzo kimoja cha mawimbi ya redio kiitwacho 3C 273. Hakuna aliyejua kilipo hasa, kwa sababu darubini za redio za wakati ule zilikuwa na macho mazito. Saa ambayo mawimbi yalikatika, na saa yaliporudi, vilionyesha mahali pake kwa usahihi, na mwaka uliofuata Maarten Schmidt akatambua kuwa kile kilichodhaniwa kuwa nyota kiko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili. Ndivyo vitu vya namna hiyo, viitwavyo kwasa, vilivyogunduliwa. Tarehe 10 Machi 1977 ilikuwa zamu ya sayari ya Uranus kuifunika nyota. Wanasayansi wa Marekani walikuwa ndani ya ndege yenye darubini, juu ya Bahari ya Hindi, mbali kusini. Nyota ilipepesa mara kadhaa kabla sayari haijaifikia, ikapepesa tena baada ya kupita. Hapo ndipo dunia ilipojua kuwa Uranus ina pete. Katika visa vyote vitatu, kilichofanya kazi ni kivuli na saa, na waliokuwa mahali kivuli kilipopita.

Ardhi ya Kilosa yenyewe imewahi kuwa sehemu ya hesabu hizi, ingawa kwa njia ya kinyume. Wasafiri Richard Burton na John Speke waliivuka Usagara, nchi ambamo Kilosa imo, mwaka 1857, na saa walizobeba ziliharibika moja baada ya nyingine. Msafiri mwingine, Stanley, alipita bonde la mto Mkondoa mwaka 1871. Msafiri wa enzi ile aliweza kujua yuko kusini kiasi gani kwa kupima urefu wa jua au nyota juu ya upeo, lakini kujua yuko magharibi kiasi gani kulihitaji saa inayoshika wakati wa Greenwich. Saa ikifa, aliyebaki ni mwezi. Alipima umbali wa mwezi na nyota fulani, au aliingoja nyota ifunikwe, akalinganisha na majedwali aliyobeba, na hapo akapata wakati wa Greenwich akiwa porini. Kazi hiyo haikuwa na huruma: kosa la dakika moja ya tao katika kipimo lilimhamisha msafiri kwa karibu nusu digrii ya longitudo, na huku kwetu nusu digrii ni zaidi ya kilomita 50. Baadhi ya maziwa na milima ya ramani za kale ilikaa pasipo pake kwa sababu hiyo. Katika hesabu ile, anga ndilo lililojulikana, na Usagara ndiyo iliyokuwa swali. Leo mambo yamegeuka. Simu yoyote yenye GPS itamwambia mkulima wa Rudewa, wilayani Kilosa, alipo kwa kosa la mita chache tu, tena bila malipo. Ardhi imekuwa jibu, na sasa anga linaweza kuulizwa kutoka hapo.

Mwenye kujua mambo ataleta pingamizi zito, na halifai kukwepwa. Chombo cha Marekani kiitwacho LRO, kilichorushwa mwaka 2009, kimepima vilele na mabonde ya mwezi kwa leza. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia imepima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja kwa usahihi ambao mtu mwenye darubini ya mkononi hawezi hata kuuota. Zamani vipimo vya kufunikwa kwa nyota ndivyo vilivyoonyesha jinsi mwendo wa mwezi ulivyo, na pia kwamba dunia yetu haizunguki kwa kasi ileile kila mwaka. Kabla ya saa za atomiki za miaka ya 1950, kumbukumbu za watazamaji wa karne ya 17, 18 na 19 ndizo zilizotuonyesha urefu wa siku ukibadilika. Kazi hiyo sasa inafanywa na mashine. Kituo cha Japani kilichokusanya vipimo hivi vya mwezi kutoka duniani kote kilikwisha funga shughuli hiyo, na ukusanyaji ukabaki mikononi mwa watu wa ridhaa wenyewe kupitia chama chao cha kimataifa, IOTA. Kwa hiyo ni kweli: kijana wa Kilosa atakayerekodi nyota ikizama nyuma ya mwezi leo hataibadilisha ramani ya mwezi. Anaweza, kama Bürg, kukuta kwamba nyota moja ni mbili, na ugunduzi wa aina hiyo bado hutokea. Lakini nikidai kwamba huo pekee unatosha kuipa Kilosa sababu ya kuingia katika kazi hii, nitakuwa namdanganya msomaji.

Sababu yenyewe ni nyingine, na ajabu yake ni kwamba imeletwa na Gaia hiyohiyo. Mbali na mwezi, nyota hufunikwa pia na asteroidi, yale mawe makubwa yanayozunguka jua, na miili midogo ya baridi iliyo mbali kupita sayari zote. Kivuli cha mwamba wa namna hiyo kikipita juu ya dunia huwa na upana uleule wa mwamba: kilomita kumi, ishirini, hamsini. Aliye ndani ya ukanda huo huona nyota ikizimika kwa sekunde chache tu, au hata chini ya hapo. Aliye nje haoni kitu. Zamani hakuna aliyeweza kutabiri ukanda huo vizuri, kwa kuwa mahali pa nyota na njia ya jiwe vyote vilikuwa na kosa kubwa kuliko kivuli chenyewe. Gaia ilipopima upya nyota na asteroidi, utabiri ukawa wa kuaminika, na kazi iliyodhaniwa kuwa inakufa ikapata uhai mpya. Kwa kipimo cha namna hii, darubini yenye kioo cha mita nane huko Chile haina faida yoyote kama kivuli kinapita Morogoro. Darubini kubwa haiwezi kusogezwa. Mtu mwenye darubini ndogo ndani ya basi anaweza.

Hili si jambo la kudhania, maana limejaribiwa, na Afrika ilikuwemo. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho New Horizons kilipokuwa kikielekea kwenye mwili mdogo ambao baadaye uliitwa Arrokoth, ulio umbali wa zaidi ya kilomita bilioni sita, hakuna darubini iliyoweza kuuona zaidi ya nukta. Wanasayansi hawakujua umbo lake wala kama kuna vumbi la hatari karibu yake. Tarehe 17 Julai 2017 kivuli chake kilipita kusini mwa Argentina. Zilipelekwa darubini 24 za kubebeka, zikapangwa nyikani karibu na mji wa Comodoro Rivadavia. Serikali ya eneo hilo ilikubali kufunga barabara kuu kwa muda, taa za mitaani zikazimwa, malori yakaegeshwa kukinga upepo. Kati ya darubini zote hizo, tano ndizo zilizonasa nyota ikizimika, na zile zilizobaki ambazo hazikuona kitu zilisaidia kuchora mipaka. Kutokana na vipande hivyo ilionekana kwamba Arrokoth si duara. Huenda ni vitu viwili vilivyogusana. Mwaka mmoja baadaye, 4 Agosti 2018, kivuli kilipita tena, safari hii Senegal. Wamarekani walifika Dakar na darubini zao, lakini walifanya kazi na wanaastronomia wa Senegal wakiongozwa na Maram Kaire, aliyekuwa amejenga chama cha wapenda nyota nchini humo kwa miaka mingi kabla hajajulikana. Ilikuwa majira ya mvua, mawingu yakiwapo. Hata hivyo, vipimo vilipatikana. Tarehe 1 Januari 2019 chombo kilipita karibu na Arrokoth na kutuma picha: vipande viwili vilivyoshikana. Senegal leo ina shirika lake la anga, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Kaire huyohuyo. Sisemi kwamba darubini chache za Agosti ndizo zilizozaa shirika. Nasema kwamba siku wageni walipohitaji watu wa kusimama nyikani na kamera, Senegal ilikuwa na watu hao tayari, na hilo halikutokea kwa bahati.

Sasa turudi kwenye ramani ya Morogoro. Vivuli vya asteroidi kwa kawaida hukatiza dunia kwa kuelekea mashariki au magharibi, vikiinama kidogo huku au kule. Kwa hiyo watazamaji wanaotaka kukamata umbo la jiwe hujipanga kutoka kaskazini kwenda kusini, kila mmoja akikata kivuli mahali tofauti. Wanachohitaji ni barabara inayokwenda kaskazini na kusini, kwenye eneo lenye taa chache, lenye mtandao wa simu, na linalofikika. Barabara ya Dumila, Kilosa hadi Mikumi inakwenda hivyo hasa. Mji wa Kilosa na mji wa Mikumi iko karibu kabisa kwenye longitudo moja, digrii 37 mashariki, na kati yao kuna kilomita sitini na kitu kwa mstari ulionyooka. Umbali huo ni mkubwa kuliko upana wa vivuli vingi. Hata kwa mwezi unatosha kuleta tofauti: mtu wa Mikumi na mtu wa Kilosa wakiuangalia mwezi saa ileile, wanauona umehama mbele ya nyota kwa karibu sehemu moja ya hamsini na tano ya upana wake. Kuna usiku ambapo mmoja ataona nyota ikipita kwenye ncha ya mwezi, ikizima na kuwaka mara kadhaa kati ya vilele vya milima ya huko, na mwenzake haoni chochote zaidi ya nyota iliyopita karibu. Kwa wanaopima, majibu yote mawili ni sahihi na yote mawili yanahitajika. Jambo hili la pili ndilo gumu kwa watu kulikubali, kwamba kutoona nako ni kipimo, mradi mtu awe alikuwepo, kamera ikiwaka, mbingu zikiwa wazi.

Kilosa si pepo ya watazama nyota, na asidanganywe mtu. Mji wenyewe umekaa chini ya milima, na upande wa magharibi safu za Ukaguru na Rubeho hula sehemu ya chini ya anga, kwa hiyo mwezi mchanga wa siku mbili au tatu hujificha mapema kuliko almanaka inavyosema. Vuli na masika huchukua miezi mingi. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho chenye anga safi, lakini kuanzia Agosti moshi wa mashamba yanayochomwa hupunguza mwanga wa nyota zilizo chini. Mikumi ina giza zuri kuliko Kilosa mjini, ila giza hilo ni la Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita katikati yake. Hakuna kipimo cha nyota kinachostahili mtu kusimama usiku kando ya barabara hiyo kati ya malori na tembo. Viwanja vya shule vilivyo nje ya hifadhi vinatosha. Kwa upande mwingine, kiangazi hichohicho ndicho kinachoiweka Nge juu kabisa ya vichwa vyetu jioni, na tangu 2023 hadi 2028 mwezi unaifunika Antares kila unapoizunguka dunia, kila mara ikionekana sehemu fulani ya dunia. Programu ya bure ya Stellarium, hata ile ya kwenye simu, humwonyesha mtu kama zamu ya Kilosa imefika. Kwa asteroidi ipo programu ya Occult, iliyoandikwa na Mwaustralia Dave Herald, ambaye naye ni mtu wa ridhaa, na inatolewa bure.

Pingamizi la pili ni la vifaa. Wapo watakaosema kamera ya simu haiwezi. Kwa nyota hafifu, ni kweli, haiwezi. Kwa nyota angavu kwenye ukingo wa giza wa mwezi, simu iliyofungwa vizuri nyuma ya darubini ndogo inaweza. Video ya kawaida huchukua fremu 25 au 30 kwa sekunde. Kila fremu moja basi ni kama sehemu ya ishirini na tano ya sekunde, na kwa muda huo mwezi umesogea mita 40 tu. Mtu anayebonyeza saa kwa kidole hukosea kwa theluthi ya sekunde kwa kuchelewa kwa neva zake, na theluthi hiyo ni mita 300 na zaidi. Kamera hata iwe duni imemzidi mtaalamu wa karne ya 19. Ugumu wa kweli uko kwenye wakati. Saa inayoonekana kwenye kioo cha simu inaweza kuwa imepotoka kwa nusu sekunde au zaidi, na hilo linaharibu kila kitu. Wazee walitegemea milio ya redio ya mawimbi mafupi, ile milio sita ya BBC iliyotangulia taarifa ya habari. Siku hizi zipo programu za simu zinazochukua wakati kutoka setilaiti za GPS na kuwasha tochi ya simu kwa sekunde iliyojulikana. Tochi hiyo ikimulika mbele ya darubini kabla ya tukio na baada yake, video inakuwa na alama mbili za wakati, na kila fremu iliyo katikati inahesabika. Simu mbili, darubini moja, na mtu aliyefanya mazoezi. Gharama kubwa hapo ni darubini, na hata hiyo ni kifaa ambacho shule huweza kukitumia kwa miaka ishirini ikitunzwa.

Pingamizi la tatu ndilo linalotolewa kwa sauti kubwa zaidi. Wilaya ambayo mto Mkondoa uliivunja reli na kuwatoa watu majumbani mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, wilaya iliyozika wakulima na wafugaji waliouana kwa ajili ya malisho, itasumbukaje na nyota? Naliheshimu swali hili, ila nadhani linakosea kuhusu kinachoshindaniwa. Hakuna fedha ya kingo za mto itakayohamishiwa kwenye darubini. Kinachoshindaniwa ni muda wa walimu na wanafunzi, na huo tayari unatumika. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza husoma mfumo wa jua kwenye somo la jiografia, akakariri sayari kwa mpangilio, akajibu mtihani, pengine bila kuonyeshwa hata sayari moja angani. Kwenye fizikia anafundishwa makosa ya vipimo kwa kupima pendulumu ambayo jibu lake limo kitabuni. Kipimo cha nyota kufunikwa kinamfundisha mambo hayohayo, na jibu lake halimo kitabuni kokote, kwa sababu hakuna aliyesimama pale alipo yeye. Na hata hoja ya mafuriko ina jibu lake: watu waliozoea kuandika namba, mahali na saa kwa uaminifu ndio haohao wanaohitajika kusoma vipimo vya mvua na kina cha mto kila asubuhi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilomita chache kutoka mjini, kimeishi kwa nidhamu hiyo kwa miongo mingi.

Wengine husema Watanzania hawana hamu ya mambo haya. Ushahidi unakataa. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu wengi walisafiri hadi Rujewa wilayani Mbarali, na wengi waliotoka mashariki ya nchi walipita Mikumi kwa barabara ileile. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa ametumia miaka mingi kuwaandaa wasomaji wa magazeti na wanafunzi kwa siku kama ile, na watu waliitikia. Hamu ya kuutazama mwezi, tena, si ngeni. Kila mwaka kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi, Waislamu wa nchi hii huulizana: nani kauona, wapi, saa ngapi, mashahidi wangapi, na je, kuonekana kwake nchi nyingine kunatosha huku? Mjadala wa mwisho huo bado una pande mbili, na hapa si mahali pa kuuamua. Ninachokiona ni kwamba maswali yenyewe ni yaleyale anayoulizwa mtu aliyetuma kipimo chake IOTA. Jamii iliyokwisha jua kwamba ushuhuda wa mwezi hauna thamani bila jina, mahali na wakati haihitaji kufundishwa msingi wa kazi hii. Inahitaji kupewa darubini na ratiba.

Kinachokosekana basi ni kitu cha katikati, mtu au kikundi cha kuunganisha hamu na utabiri. Vipimo vingi vya kufunikwa kwa nyota hutoka Ulaya, Marekani, Japani na Australia. Afrika Kusini ina chama cha wanaastronomia kilichoanzishwa mwaka 1922 chenye kitengo cha kazi hii. Kati ya hapo na Bahari ya Shamu kuna nchi nyingi ambazo vivuli huzipita usiku baada ya usiku bila kurekodiwa na mtu yeyote. Shamba la mkonge la Kimamba likipitiwa na kivuli cha jiwe ambalo hakuna aliyewahi kulipima, nafasi hiyo haitarudi kwa miaka, na darubini yoyote ya mabilioni iliyoko kwingine haitaweza kuifidia. Usafiri si kisingizio tena: tangu 2024 treni ya SGR inasimama Kilosa, na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma anaweza kuondoka mchana na darubini kwenye begi akawa uwanjani jioni.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu wa fizikia na jiografia wa sekondari za Kilosa, Kimamba, Rudewa na Mikumi, na kwa vyuo vilivyo karibu nao. Anzeni kiangazi kijacho na nyota yoyote angavu itakayofunikwa kwenye ukingo wa giza wa mwezi usiotimia, shule mbili kwa wakati mmoja, moja kaskazini na moja kusini. Andikeni mahali kwa GPS, wekeni alama ya wakati kwenye video, na tumeni matokeo, hata usiku ambao nyota haikuzimika. Baada ya misimu miwili mtakuwa na timu iliyo tayari kwa kivuli cha asteroidi, na Tanzania itakuwa na watu wa kutaja siku dunia itakapouliza nani anaweza kusimama pale.